Bwawa la Julius Nyerere na bonde la chini la Rufiji: maji, tope na chumvi vinabadilikaje?

Mwana wa Utete aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Naomba ufafanuzi kutoka kwa wenye ujuzi wa mito na mabwawa, hasa wale waliowahi kufanya kazi katika mabonde yetu ya Afrika Mashariki.

Nyumbani kwetu ni Utete, ingawa kwa sasa ninaishi Dar es Salaam. Shemeji yangu bado analima bondeni kama walivyolima wazee wake. Mpunga hupandwa kwa mvua za mwanzo ili uwe umesimama vizuri kabla maji ya mto hayajapanda, na baada ya masika, maji yanapoanza kurudi mtoni, hufuata mlau, yaani mahindi, kunde na maboga yanayofukiwa kwenye tope bichi na kukua kwa unyevu wa ardhi peke yake hadi yakomae kiangazi. Mashamba yenyewe yana dungu la kulindia ndege na nguruwe, na mwenye shamba hulala huko juu wiki nzima maji yakiwa chini yake. Ni kilimo kisichotumia mbolea ya dukani, kwa sababu mto wenyewe ndio unaoileta.

Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, maoni kijijini yamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba mafuriko ya kawaida yamekwisha na ardhi itachoka. Wapo wengine wanaosema kwamba bwawa ndilo lililoleta mafuriko makubwa ya Aprili 2024, yale yaliyofunika Muhoro na vijiji vingine vya Rufiji na Kibiti. Mimi nashindwa kuelewa jinsi ukuta mmoja unavyoweza kulaumiwa kwa maji kukosekana na kwa maji kuzidi.

Nisingependa turudie mjadala wa kama lilistahili kujengwa. Limeshajengwa na umeme wake tunautumia. Ninachotaka kujua ni jinsi mto ulio chini ya bwawa unavyobadilika, katika wingi wa maji, katika majira yake, na katika hali ya maji yenyewe.

Kipimamaji alijibu:

Ndugu Mwana wa Utete, lawama zote mbili zinaweza kuwa na msingi kwa wakati mmoja, na ili kuona jinsi gani, tuanze na vipimo.

Bwawa hilo lina ukuta wa mita 131 na linaweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Wastani wa maji ya Rufiji pale kwenye korongo la Stiegler, ambako ukuta umejengwa, ni kiasi cha mita za ujazo 800 hadi 900 kwa sekunde, ambayo kwa mwaka ni takriban bilioni 25 hadi 28. Maana yake ni kwamba ziwa lile linaweza kumeza mtiririko wa mwaka mzima wa kawaida na bado likabaki na nafasi. Kumbuka pia kwamba Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, ambayo ndiyo mito mikubwa ya bonde, yote imeshaungana kabla ya kufika hapo, na chini ya ukuta hakuna kijito cha maana kinachoweza kufidia kilichozuiwa. Kwa hiyo karibu kila tone linalofika Utete sasa limepita mikononi mwa anayeendesha mitambo.

Bwawa la umeme hufanya kazi kama ghala, yaani hupokea mavuno ya msimu mmoja na kuyatoa kidogo kidogo mwaka mzima, kwa kuwa taa za watu haziwaki Aprili tu. Katika mwaka wa mvua za wastani, kilele cha masika hukatwa na kiangazi hunenepeshwa. Kabla ya bwawa, mto ulikuwa ukipanda kuanzia Desemba au Januari, unafikia kilele kati ya Machi na Mei, kisha unashuka taratibu hadi Oktoba na Novemba, ambapo ulibaki sehemu ndogo tu ya wastani wake. Sasa tofauti hiyo ya juu na chini inapungua.

Watu wengi hufikiria hasara ya kukosa mafuriko na kusahau hasara ya kuwa na maji mengi kiangazi. Shemeji yako hupanda mlau kwa kufuata maji yanavyorudi nyuma hatua kwa hatua, mstari wa kwanza juu, kisha wa pili chini yake, hadi karibu na mto. Mto ukikaa katika kimo cha kati mwaka mzima, sehemu za juu hazilowi na sehemu za chini haziachwi wazi. Eneo lote linaweza kupungua pande zote mbili, ingawa jumla ya maji yaliyopita kwa mwaka ni karibu ileile.

Lipo pia suala la kupanda na kushuka kwa maji ndani ya siku moja. Mtambo mmoja wa megawati 235, maji yakianguka kutoka kimo cha mita mia moja hivi, unahitaji zaidi ya mita za ujazo 200 kwa sekunde ukifanya kazi kwa nguvu zote, na mitambo iko tisa. Yote ikiwashwa pamoja, maji yanayotoka ni zaidi ya maradufu ya wastani wa mto, kwa hiyo haiwezekani kuiendesha hivyo mwaka mzima. Mwendeshaji ana kishawishi cha kuwasha mingi jioni, wakati matumizi ya umeme yanapopanda, na kuizima usiku wa manane. Wakazi wa Mloka, walio karibu na bwawa, wanaweza kuona mabadiliko hayo kwa macho. Yakifika Utete yatakuwa yamelegea kwa sababu ya umbali na upana wa bonde, lakini kingo zilizolowa na kukauka mara kwa mara hubomoka upesi kuliko zinazolowa mara moja kwa mwaka.

Kuhusu mafuriko ya 2024, maelezo ya Serikali na TANESCO wakati ule yalikuwa kwamba chanzo ni mvua kubwa za El Niño na kwamba bwawa lilipunguza ukali wake kwa kuzuia sehemu ya maji. Kwa elimu ya mwenendo wa maji, maelezo hayo yanawezekana. Rufiji ilifurika vibaya mwaka 1974 na mwaka 1998 bila bwawa lolote pale. Hata hivyo, bwawa likishajaa, uwezo wake wa kuzuia unakwisha, na kinachoingia lazima kitoke kupitia milango ya kumwagia maji. Kwa hiyo bwawa lilelile linaweza kuondoa mafuriko madogo na ya kati, ambayo ndiyo yanayomfaa mkulima, na lisiweze kuzuia makubwa yanayomdhuru. Hiyo ndiyo sababu ninasema wanakijiji wa pande zote mbili wameshika ukweli.

Mkaazi wa Garsen alijibu:

Ndugu zangu wa Tanzania, sisi wa mto Tana tuliyapitia haya mapema kuliko ninyi. Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Kati ya hayo matano, Masinga ndilo lenye ghala kubwa, kiasi cha mita za ujazo bilioni 1.5, na ndilo lililobadilisha mto wetu zaidi. Ona, lakini, kwamba hilo ni kama sehemu moja ya ishirini ya bwawa lenu. Tana hufurika mara mbili kwa mwaka, kilele kimoja karibu na Mei na kingine Novemba, na tangu Masinga lijengwe vilele hivyo vimepungua katika miaka ya kawaida. Wapokomo wanaolima kandokando ya mto kwa kufuata mafuriko wanaweza kukueleza miaka ambayo maji hayakupanda ukingo kabisa.

Nathibitisha alichosema Kipimamaji kuhusu miaka mibaya. Mwaka 2018, na tena mwaka 2024, mabwawa ya juu yalijaa na kumwaga, na watu wa Garissa na Tana River walihama. Bwawa likiwa limejaa, onyo la mapema ndilo linalookoa maisha, na onyo hilo linafaa tu likimfikia mtu ambaye simu yake haina chaji na kijiji chake hakina barabara. Kwa maoni yangu hapa ndipo sote tumezembea, maana fedha za ukuta hupatikana na fedha za vipaza sauti na vigingi vya kupimia kina vijijini hazipatikani.

Ningependa kuongeza jambo la tope, kwa sababu pwani yetu inaonyesha tofauti kwa namna ambayo kila mtu anaweza kuiona. Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi, haujawahi kuwa na bwawa kubwa kwenye mkondo wake mkuu. Msimu wa mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia kwa tope la Ukambani na la mashamba ya nyanda za juu, na wenye mahoteli hulalamika. Tana, ambao ni mkubwa zaidi, huacha sehemu kubwa ya tope la milimani ndani ya Masinga na wenzake kabla haujaanza safari ya kuja kwetu. Sasa bwawa la Thwake linajengwa kwenye bonde hilo la Athi na Sabaki (Athi ni jina la mto huohuo huko juu), lenye ujazo wa mita za ujazo milioni 688, na nyuma yake kuna uchafu wa jiji la Nairobi unaoshuka na mto. Hilo nalo litakuwa somo la ubora wa maji ambalo nitalifuatilia.

Mwana wa Utete aliandika:

Nashukuru sana kwa maelezo. Naona suala la wingi na majira limenielea. Naomba sasa mnisaidie kuhusu hali ya maji yenyewe. Je, ni kweli kwamba maji yanayotoka kwenye bwawa huwa safi zaidi kwa sababu tope limetua? Na kama ni safi zaidi, kwa nini wengine wanadai kuwa ni mabaya zaidi? Pia nina ndugu walio delta, upande wa Nyamisati, ambao wanauliza kuhusu chumvi.

Kipimamaji alijibu:

Maji yaliyo meupe machoni si lazima yawe bora, na kwa mto wa tope kama Rufiji weupe huo una gharama.

Maji yanayoenda kasi hubeba mchanga na udongo. Yakiingia ziwani yanapunguza mwendo, mchanga unatua mwanzoni kabisa mwa ziwa, na udongo laini unatua mbele zaidi. Katika ziwa lenye ujazo unaozidi mtiririko wa mwaka mzima, karibu mashapo yote hubaki ndani. Bwawa Kuu la Aswan huzuia zaidi ya asilimia 98 ya tope la Nile, na hakuna sababu ya kutarajia kwamba la Rufiji litakuwa tofauti sana. Maji yanapotoka kwenye mitambo yana nguvu ileile ya kubeba lakini hayana mzigo, kwa hiyo huchukua mzigo mpya kutoka kitandani mwa mto na kwenye kingo. Chini ya mabwawa mengi duniani mto umechimbika na kushuka kimo, na hapo mifereji midogo inayopeleka maji kwenye maziwa ya pembeni hubaki juu juu, hata mto ukipanda kiasi kile kile cha zamani.

Jambo hilo linagusa maziwa yenu ya Ruwe, Zumbi na Utunge. Samaki wa maziwa hayo, perege na kambale kwa mfano, hutegemea mto kuingia ziwani wakati wa mafuriko, kuleta maji mapya na kuwaruhusu samaki kupita kwenda na kurudi. Ziwa lisilopata mafuriko miaka kadhaa mfululizo hupungua kina, na wavuvi wanajua hivyo kabla ya mtafiti yeyote kufika na vipimo vyake.

Ama kuhusu ubora, ziwa lenye kina kirefu katika nchi za joto hujigawa matabaka. Maji ya juu hupata jua na upepo, yana joto na oksijeni ya kutosha. Ya chini ni baridi zaidi na hayachanganyiki na ya juu kwa miezi mingi. Kila jani na mti unaooza huko chini hutumia oksijeni iliyopo hadi iishe, na baada ya hapo uozo unaendelea kwa njia inayotoa gesi ya methani na ile gesi yenye harufu ya yai viza, huku madini ya chuma na manganizi yakiyeyuka kutoka kwenye udongo. Hali hiyo huwa kali katika miaka ya mwanzo, kwa sababu ziwa limefunika misitu na nyasi ambazo bado zinaoza. Ziwa la Kariba, lililofungwa mwaka 1958, lilipitia hayo, na rutuba iliyotokana na uozo ilistawisha gugu la salvinia hadi likafunika zaidi ya sehemu moja ya tano ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kabla ya kupungua.

Kinachofika mtoni kinategemea kina ambacho maji yanachotwa. Mdomo wa kuingizia maji ukiwa ndani ya tabaka la chini, mto hupokea maji baridi yasiyo na oksijeni, na samaki wa kilomita za kwanza huumia. Ukiwa juu, tatizo ni dogo. Kadiri maji yanavyosafiri yakipigwa na hewa kwenye mawe na kona, oksijeni hurudi, na ninatarajia kwamba kwa umbali wa Utete athari hiyo itakuwa imekwisha kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo nisingemtisha mtu wa Utete kuhusu oksijeni. Ningemwambia mtu wa Mloka aangalie samaki wanaoelea asubuhi, harufu isiyo ya kawaida, na kutu nyekundu inayoshika kwenye mawe na vyombo.

Kuhusu kunywa, tope pungufu hurahisisha kuchuja, lakini vimelea vya kipindupindu na kuhara haviondoki kwa tope kutua. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kama zamani. Tena, maji meupe yanayokwenda polepole hupitisha mwanga, na mwanga huotesha majani ya majini, ambayo konokono wa kichocho huyapenda. Watoto wanaooga kwenye vidimbwi vya kando ya mto wanahitaji uangalizi zaidi ya ilivyokuwa mto ulipokuwa na kasi na tope.

Nahodha wa delta alijibu:

Naomba nijibu la chumvi, kwa kuwa ndiko ninakoishi na kufanyia kazi.

Huku kwetu maji matamu na maji ya chumvi husukumana kila siku. Bahari hupanda zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na chumvi kwa kuwa ni nzito huingia kwa chini ya maji ya mto. Masika mto huisukuma hadi karibu na mdomo, na kiangazi bahari hurudi ndani ya delta. Mikoko imejipanga kulingana na hayo. Mchu huvumilia chumvi nyingi, wakati msikundazi hukaa sehemu za ndani ambako maji matamu hufika mara kwa mara. Mtu akitaka kujua chumvi ilivyohamia kwa miaka mingi, aitazame misikundazi iliyoanza kukauka vilele.

Kwa upande wa kiangazi, mimi sioni bwawa kama adui. Mto ukiwa na maji mengi zaidi Oktoba kuliko zamani, chumvi itasukumwa mbali kuliko ilivyokuwa. Si kama Pangani, ambako maji yamechotwa kwa umwagiliaji na miji huko juu, na bahari imepanda mtoni hadi minazi na mashamba ya kando yameathirika. Umeme haumalizi maji, unayachelewesha tu. Shaka yangu ni masika. Mashamba ya mpunga ya delta ya kaskazini, ambayo mengi yalifunguliwa ndani ya mikoko baada ya mkondo mkuu kuhamia upande huo katika mafuriko ya 1978, yanahitaji maji mengi matamu ya kuosha chumvi kwenye udongo kabla ya kupanda. Mafuriko yakichelewa au yakiwa hafifu, chumvi hubaki na miche hugeuka njano.

Halafu kuna kambamiti. Delta hii ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya kambamiti wanaovuliwa nchini. Hutaga baharini, watoto wao huingia mikokoni kukua kwenye maji ya chumvi kidogo, na miaka yenye mvua nzuri ndiyo inayotupa mavuno mazuri. Misri walipofunga Aswan katikati ya miaka ya 1960, uvuvi wao wa dagaa wa Bahari ya Mediterania ulianguka ndani ya miaka michache kwa sababu rutuba ya mafuriko ilikoma kufika baharini. Ulikuja kuinuka baada ya miaka mingi, na watafiti wanahusisha sehemu ya kuinuka huko na mbolea na maji taka ya miji, jambo ambalo sidhani tunataka kuliiga.

Mwana wa Utete aliandika:

Nahodha na Kipimamaji, nimewaelewa vizuri. Swali langu la mwisho ni hili. Je, kuna jambo ambalo wakulima na wavuvi wanaweza kulidai kwa utaratibu, au tumebaki kusubiri tu kinachotoka?

Kipimamaji alijibu:

Lipo, na sheria inawapa pa kuanzia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kila bonde litenge akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa viumbe wa mtoni, na akiba hiyo hutangulia matumizi mengine. Msimamizi ni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Jumuiya za watumia maji zinaweza kuiandikia bodi hiyo na kuomba ratiba ya kutoa maji iwekwe wazi mapema, na hasa ziombe kwamba katika miaka ambayo ziwa lina maji ya kutosha, kiasi fulani kitolewe kwa makusudi Machi au Aprili ili kulowesha bonde na kufungua mifereji ya maziwa, kisha kishushwe taratibu ili mlau upandwe. Nchini Senegali na Mauritania jambo kama hilo lilifanyika baada ya bwawa la Manantali kujengwa huko Mali, ambapo mafuriko ya kutengenezwa yalitolewa katika baadhi ya miaka kwa ajili ya wakulima wa bondeni. Umeme unaopotea kwa kufanya hivyo upo na mwendeshaji atautaja, kwa hiyo ombi liwe na maelezo kamili: tarehe ambayo mpunga unakuwa mrefu wa kutosha, kimo cha maji ambacho mfereji wa ziwa fulani huanza kupitisha, na muda ambao maji yanapaswa kukaa.

Taarifa hizo anazo shemeji yako na majirani zake, na hakuna mhandisi aliye nazo. Waanze na kigingi kilichopigwa alama kwenye ukingo wa mto na daftari la kuandika kimo asubuhi na jioni, pamoja na siku maji yalipoingia ziwani. Kigingi kikae mahali ambapo ukingo hauchimbwi na maji, na alama ya sifuri ilinganishwe na kitu kisichohama, kama msingi wa jengo la shule.

Mkaazi wa Garsen alijibu:

Naongeza moja kwenye daftari hilo: andikeni pia saa ambayo taarifa ya kufunguliwa kwa milango ilifika kijijini na saa ambayo maji yenyewe yalifika. Kwetu Tana, tofauti ya saa hizo mbili ndiyo hoja ambayo viongozi wa kaunti hushindwa kuibishia.